Jimbo Dogo, Lugha Mbili na Ahadi ya Kubaki

Ukimwambia mtu wa Kigoma kwamba unaishi Kanada, swali linalofuata ni moja tu: Toronto sehemu gani? Wenye ndugu Alberta wataongeza Calgary na Edmonton, lakini New Brunswick haimo kichwani mwa mtu. Mimi niliisikia kwa mara ya kwanza kwa wakala mmoja pale Dar es Salaam, naye aliitaja kama kondakta anayekuonyesha basi la nyuma baada ya lake kujaa. Ada nafuu, chuo hakina makuu, ukimaliza unahamia Toronto kama wenzako. Basi.

Bado niko Moncton. Nina ukaazi wa kudumu, na vijana wa nyumbani hawaishi kuniandikia wakiuliza njia. Kujibu vipande vipande WhatsApp kumenichosha, kwa hiyo leo naandika kwa urefu. Nalisema mapema lile ninaloliona kubwa: jimbo hili litakupokea kwa ajili ya masomo, ila utakaloshikilia baada ya hapo ni mwajiri, na mwajiri wa huku anapenda mtu mwenye Kifaransa. Wakala hakuambii hilo. Yeye hulipwa ukipanda ndege, na ukibaki au usibaki, hesabu yake imeshafungwa.

Kwanza mahali penyewe. New Brunswick iko mashariki ya Kanada, kati ya Quebec, jimbo la Maine la Marekani na bahari. Kutoka Moncton hadi Toronto ni zaidi ya kilomita 1,500, kwa hiyo yule anayedhani atakuwa anaenda Toronto wikendi aangalie ramani. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 775,610 katika jimbo zima, yaani hawafikii wakazi wa Temeke. Wameongezeka sana tangu hapo, wengi wao wakiwa wageni kama mimi. Kati ya Julai 2022 na Julai 2023 eneo la Moncton lilikua kwa asilimia 6.1, kasi kuliko eneo jingine lolote la jiji kubwa Kanada, na yeyote aliyetafuta chumba cha kupanga miaka hiyo anaijua hiyo asilimia kwa machungu yake.

Karibu theluthi ya watu hapa lugha yao ni Kifaransa, na wengi wao ni Waakadia, kizazi cha Wafaransa waliokuwa wakilima pwani hizi kabla Waingereza hawajaanza kuwafukuza na kuwatawanya mwaka 1755. Waliorudi walikaa pembezoni, wakavua samaki, wakazaa sana, wakanyamazishwa kwa muda mrefu. Mwaka 1969, chini ya waziri mkuu wa jimbo Louis Robichaud, ambaye alikuwa Muakadia, ilipitishwa sheria iliyofanya Kiingereza na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Hadi leo ni jimbo pekee la Kanada lenye lugha rasmi mbili. Mwaka 1993 katiba ya nchi ikaongezewa kipengele kinachosema jamii hizi mbili za New Brunswick zina hadhi sawa, na kila moja ina haki ya kuwa na taasisi zake.

Maneno hayo ya katiba unayaona mtaani. Kila kitu kiko pacha. Kuna University of New Brunswick ya mwaka 1785 kwa Kiingereza, na Université de Moncton ya mwaka 1963 kwa Kifaransa. Vyuo vya ufundi vya umma ni viwili, kimoja kwa kila lugha. Mitandao ya hospitali ni miwili, Horizon na Vitalité, na Moncton yenyewe ina hospitali kubwa mbili, kila moja na lugha yake. Watoto wa mtaa mmoja, wa nyumba zinazotazamana, asubuhi wanapanda mabasi tofauti ya shule kwa sababu ya lugha. Kuna wanaoona huu ni ufujaji wa fedha na suala hili halikosi kurudi kwenye siasa. Mimi nikimsikia mtu akilalamikia mabasi mawili, huwa najiuliza kama amewahi kuishi mahali ambapo lugha ya nyumbani kwake haiingii ofisini.

Msije mkadhani jimbo la lugha mbili maana yake kila mtu anazijua zote mbili. Hapana. Wanaozijua zote mbili wengi ni wa upande wa Kifaransa, waliolazimika. Wazungu wengi wa Kiingereza niliosoma nao walikuwa na "bonjour" na "merci", na baada ya hapo kicheko. Ukienda ofisi ya serikali, mhudumu anatakiwa akusalimie kwa lugha zote mbili ili uchague. Ukivuka kwenda Dieppe, mji uliogusana na Moncton, mabango yanageuka Kifaransa. Haya nayo hayakuja kwa upole. Mwaka 1968 wanafunzi wa Université de Moncton waliandamana hadi ofisi ya jiji kudai huduma kwa Kifaransa, meya akawadharau mbele ya watu, na baadaye wakampelekea kichwa cha nguruwe nyumbani kwake. Jiji hilohilo mwaka 2002 lilijitangaza kuwa la lugha mbili. Vijana wa Kiakadia wa hapa, kwa upande wao, wana chiac yao, Kifaransa kilichochanganywa na Kiingereza hadi wazee wanashika kichwa. Mtu aliyekulia Nairobi na sheng haelezwi mara mbili.

Sasa makaratasi, maana ndiyo mnayoyasubiri.

Wakati wangu, mwanafunzi anayesafiri peke yake alitakiwa aonyeshe dola 10,000 za Kanada za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Januari 2024 kiwango kilipanda hadi 20,635, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22,895. Pesa hiyo haitakiwi iangukie kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Ofisa anasoma statement ya benki mwezi kwa mwezi, na fedha nyingi zilizoingia ghafla zinamfanya aulize zimetoka wapi. Baba aliuza kiwanja, na nakala ya mkataba wa mauzo ndiyo iliyonisaidia kueleza. Ndugu waliochanga waliandika barua na kuambatanisha vielelezo vya biashara zao. Mjomba mmoja anayeuza mafuta ya mawese alikataa kata kata kuonyesha daftari lake kwa "serikali ya watu", na mchango wake ikabidi uwe wa maombi.

Tangu Januari 2024 waombaji wengi wa ngazi ya chuo wanahitaji pia barua ya uthibitisho kutoka jimbo lenyewe, kwa sababu serikali kuu imeweka ukomo wa idadi ya wanafunzi wa kigeni na kila jimbo lina mgao wake. Chuo kinakuombea. Usimlipe mtu anayedai anazo mkononi.

Halafu kuna kituko ambacho hakuna aliyenieleza kabla. Fomu inataka umridhishe ofisa kwamba ukimaliza ruhusa yako utaondoka Kanada. Wakati huohuo jimbo linajitangaza kwenye maonyesho ya vyuo: njoo usome, baki, tunakuhitaji. Unajiuliza useme lipi. Sheria ya uhamiaji ya Kanada yenyewe inakubali kwamba mtu anaweza kutaka kusoma kwa muda na papo hapo akawa na nia ya kuhamia, mradi ofisa aamini kwamba muda wako ukiisha bila kibali kingine hutabaki kinyemela. Kwa hiyo hakuna haja ya kujifanya huna ndoto. Haja ni kueleza kwa nini kozi hii, kwa nini sasa, na nyumbani umeacha nini. Barua niliyoandika kwa maneno yangu mwenyewe ilikuwa na Kiingereza cha kawaida tu. Ile ya wakala ilikuwa na "kiu ya maarifa" na "chuo chenye hadhi ya kimataifa", na chuo chenyewe kilikuwa kimekosewa jina. Nilituma yangu.

Nilisoma uhasibu, miaka miwili, upande wa Kiingereza. Masomo hayakuwa magumu kuliko ya Tanzania. Kilichokuwa kigumu ni kubeba boksi usiku na kukaa darasani asubuhi. Baridi mtaisimuliwa na kila mtu, sina la kuongeza, isipokuwa mnunue viatu huku, msinunue Kariakoo.

Boksi langu mimi lilikuwa nyumba ya kutunzia wazee. Nilianza jikoni, nikahamia ukumbi wa chakula, kazi ikiwa kupeleka sahani na kuwasaidia wasioweza kula wenyewe. Alikuwepo mzee mmoja, Muakadia, mwili mkubwa, mikono ya fundi. Maisha yake ya kazi aliyamalizia kwenye karakana za reli za Moncton, zile zilizofungwa mwaka 1988, ambako kazi ilifanywa kwa Kiingereza. Watoto wake walituambia alikizungumza vizuri kabisa. Lakini maradhi ya kusahau yalipomshika, Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Ukimsemesha anakutazama kama hajaona mtu akifungua mdomo. Siku nyingi alikuwa anausukuma mchuzi mpaka unamwagika mezani, na zamu yetu, sote wa Kiingereza, ikaandika kwenye kitabu kwamba ni mkaidi wakati wa kula.

Akaja mama mmoja wa Bukavu, mgeni kazini, mkubwa kwangu kwa umri. Alimsikiliza yule mzee, akavuta kiti, akaketi ili macho yao yalingane, akamwambia jambo taratibu kwa Kifaransa, kisha akaanza kukoroga mchuzi bila haraka yoyote. Mzee akatulia. Mama akanigeukia: "Anasema ni moto sana, mwanangu. Kila siku mnamuunguza." Baada ya dakika chache mzee alikula chakula chote, akaomba mkate.

Nilijifunza mengi chuoni, ila jioni ile ndiyo iliyonifanya nianze Kifaransa. Nilikuwa nacho kidogo cha kuokoteza. Kigoma unakulia karibu na watu wa Uvira na Bujumbura, na bandarini ulikuwa huwezi kukosa kusikia wafanyabiashara wakipigiana hesabu kwa Kifaransa. Cha kuokoteza hakitoshi. Madarasa ya lugha ya bure yanayolipiwa na serikali kuu hayakuwa ya wanafunzi wa kimataifa kama mimi. Hayo hufunguka ukishapata ukaazi wa kudumu. Kwa hiyo mwalimu wangu akawa yule mama na watu wake. Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwake Dieppe, sombe jikoni, watoto wakichanganya lugha tatu, na yeye ameweka sharti kwamba kabla chakula hakijaiva mimi nazungumza Kifaransa tu, hata kuomba maji. "Kiswahili chako kizuri, tunakipenda," alikuwa akisema, "lakini hicho tunacho sisi pia." Watu wa Goma, Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wako Moncton kwa sababu ya Université de Moncton na kwa sababu lugha ya shuleni kwao ndiyo inayotafutwa huku. Sisi Watanzania na Wakenya tunafika na Kiingereza chetu tukidhani tumetangulia, kumbe hapa Kiingereza kila mtu anacho.

Hilo nililiona vizuri wakati wa kutafuta kazi. Matangazo mengi ya kazi za ofisi Moncton yana mstari uleule: kujua lugha zote mbili ni faida, au ni lazima. Si jambo jipya. Miaka ya 1990, chini ya waziri mkuu Frank McKenna, jimbo lilivuta kampuni za vituo vya simu kwa kujinadi kwamba wafanyakazi wake wanaongea lugha zote mbili. Mhasibu anapokea simu za wateja, anasoma ankara zilizoandikwa kwa Kifaransa, anamweleza mfanyakazi makato ya mshahara wake. Usaili wangu wa kwanza wa maana ulikuwa palepale kwenye nyumba ya wazee, nafasi ya kuandaa mishahara. Meneja alianza kwa Kiingereza, katikati akageuka Kifaransa bila kunitahadharisha. Nilijibu kwa makosa, polepole, nikamaliza. Kazi nikapata.

Kazi hiyo ndiyo ikawa mlango. Majimbo ya Atlantiki, yaani haya ya pwani ya mashariki, yana mpango wake wa uhamiaji, ulioanza kama majaribio mwaka 2017 na kufanywa wa kudumu Januari 2022. Mwajiri sharti awe ameidhinishwa na jimbo. Mhitimu wa hapa, aliyesoma kozi ya miaka miwili na kuishi kwenye majimbo haya angalau miezi 16 ndani ya miaka miwili kabla ya kuhitimu, hadaiwi uzoefu wa kazi. Anachohitaji ni ofa ya kazi, mtihani wa lugha, mpango wa makazi unaoandaliwa na shirika linalohudumia wahamiaji, kisha jimbo linakuidhinisha na serikali kuu inamaliza. Mtihani wa lugha unaruhusiwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na kiwango chake si cha kutisha. Kwa maandishi, basi, Kifaransa si sharti. Ila bila ofa huna ombi, na ofa hutoka kwa binadamu mwenye wateja na wazee wa Kifaransa.

Kuna njia nyingine inayopita moja kwa moja serikali kuu, ile ya alama, ambako waombaji hupangwa kwa alama zao na wa juu hualikwa. Tangu 2023 wanaojua Kifaransa huitwa kwa makundi yao wenyewe. Machi 2025 kundi mojawapo lilialikwa kwa alama 379, wakati wenye uzoefu wa kazi wa Kanada mwaka huohuo walihitaji zaidi ya 500. Someni hizo namba mara mbili. Kijana wa Arusha anayetumia miaka akitafuta digrii ya pili ili aongeze alama angeweza kwenda Alliance Française.

Na msitegemee hali ya zamani. Mwaka 2025 serikali kuu ilikata nafasi za majimbo kuteua wahamiaji kwa karibu nusu. Ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo nayo, kwa wanaoiomba tangu Novemba 2024, ina masharti ya lugha, na kwa wengi wa vyuo visivyo vyuo vikuu walioomba kibali cha kusoma tangu wakati huo inategemea fani. Anayeomba leo apige hesabu zake kwa sheria za leo, asitumie za kwangu.

Nimefika kwenye lile linaloleta ugomvi kila tunapokutana. Ukiomba kupitia jimbo, unasema nia yako ni kuishi humo. Ukishapata ukaazi wa kudumu, kifungu cha 6 cha Mkataba wa Haki wa Kanada kinakupa uhuru wa kuhamia jimbo lolote. Vyote viwili ni kweli. Wengi niliosoma nao wameondoka: wengine Ontario kwa sababu ya ndugu, wengine Alberta kwa sababu ya mshahara. Wapo waliokuwa na nia ya dhati na hali ikawashinda, maana daktari wa familia hapa unaweza kumsubiri miaka, na kazi za fani fulani hazipo. Siwalaumu hao. Ninaowalaumu ni wale waliofunga mizigo wiki ile kadi ya ukaazi ilipofika, kisha wakawa wanawafundisha wadogo zao jinsi ya kusema "napenda jimbo dogo" kwa uso mkavu. Mwajiri aliyesaini fomu akaachwa kabla ya mshahara wa pili hamwoni tena Mwafrika anayefuata kwa jicho lilelile. Nimekaa upande wa ofisi inayopokea hayo malalamiko, nayajua.

Mimi kubaki kwangu hakuna ushujaa. Nalipa kodi ya nyumba ninayoimudu, nafika kazini kwa dakika chache, na siku zangu za kuomba uraia zinasogea, hata zile za uanafunzi ambazo huhesabiwa nusu. Upweke wa miaka ya mwanzo ulikuwa mkali. Majira ya baridi huku tuko nyuma ya nyumbani kwa masaa saba. Nikitoka kula mchana saa saba, Kigoma ni saa mbili usiku na mama ameshaanza kusinzia. Kilichonifurahisha kuliko nilivyotegemea ni tarehe 15 Agosti. Sisi Wakatoliki wa Kigoma tunaijua kama sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni. Waakadia waliichagua hiyohiyo mwaka 1881 kuwa siku yao ya taifa. Jioni wanaingia barabarani na masufuria, filimbi, vifuniko na honi, wanapiga kelele kwa makusudi, wajulikane kwamba bado wapo. Mwaka mmoja nilimpigia mama kwa video katikati ya zogo hilo. Akauliza kama ni harusi au mwizi amekamatwa.

Sasa hivi nahangaika na binti wa shangazi yangu aliyeolewa Bujumbura. Yeye kasoma kwa Kifaransa tangu chekechea, na kwa raia wa Burundi, kama ilivyo kwa wa Rwanda na Kongo, kuna mradi wa majaribio ulioanza Agosti 2024 kwa wanafunzi wa Kifaransa wanaokwenda kusoma nje ya Quebec. Haulazimishi mwombaji athibitishe kwamba ataondoka, kiwango cha fedha ni nafuu zaidi, na ukihitimu kuna njia ya kuomba ukaazi wa kudumu. Nafasi zina ukomo kila mwaka. Watanzania hatumo, nimeshaulizwa sana.

Binti anataka Université de Moncton, kampasi ya hapa Moncton, kwa kuwa mimi nipo. Mimi namsukuma aombe pia ile ya Shippagan, mji wa wavuvi kaskazini, ambako kuanzia dukani hadi zahanati ni Kifaransa na hatapoteza mwaka akihangaika na Kiingereza. Anasema huko atakufa kwa ukimya. Shangazi yuko upande wangu, dada zake wote wako upande wake, na dirisha la maombi halitusubiri tumalize.